Mpagazi Ndiye Aliyeibeba Vita Hii

Nazungumzia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivyopiganwa Afrika Mashariki, lakini sitaanzia Sarajevo. Mauaji ya Juni 1914 mnayajua tangu shule. Swali langu ni lile lile ninalowauliza siku zote: ugomvi wa Austria na Serbia ulimfikiaje kijana wa Ukambani? Ulimfikia kwa sababu wakubwa wa Ulaya walikwisha kugawana ardhi yake. Wenye makoloni wakipigana, makoloni nayo ni uwanja wa vita. Novemba 1914 Waingereza wakaishambulia Tanga, iliyokuwa chini ya Wajerumani, kwa jeshi lililotoka India, wakatimuliwa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakutarajia kuwashinda. Alitaka wamfukuze, wasipate nafasi ya kupeleka askari Ulaya. Wakamfukuza miaka minne, hadi aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya ilikuwa imenyamaza wiki mbili kabla!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara hazikuwepo, kwa hiyo unga, risasi, hata vipande vya mizinga vilikwenda kichwani mwa mtu. Na mtu huyo naye anakula. Jeshi likienda mbali na ghala, mpagazi anamaliza njiani chakula alichobeba, basi anatafutwa mwingine wa kumbebea yeye, na huyo naye ana tumbo. Ndiyo maana Waingereza peke yao walichukua watu wanaokaribia milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga usioiva waliolishwa watu waliozoea ndizi.

Nitaambiwa walilipwa. Waliokufa je? Wajane wengi hawakuiona senti. Nitaambiwa pia kwamba majina yalipotea. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Orodha za baadhi ya majina hayo zilikuwepo. Watu waliamua kutoyaandika!

Muda unanibana, kwa hiyo haya nayataja tu. Majeshi yalikomba nafaka na mifugo ya Ugogo, katikati ya Tanganyika, ikaja njaa ya Mtunya. Mafua ya 1918 yakawakuta watu wamekwisha dhoofu. Tanganyika ikapewa Waingereza, Rwanda na Burundi Wabelgiji, Kionga, eneo dogo kusini mwa Ruvuma, Wareno, na wenyewe hawakuulizwa. Kenya ndiyo inayoniuma zaidi: maofisa wa Kizungu waliorudi vitani walipewa mashamba, mengine yakimegwa katika ardhi ya Wanandi, na mpagazi aliyerudi hai akavishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kazi.