Daftari la Bata Mzinga: Guelaguetza ya Oaxaca

ELIA: Karibu, msikilizaji. Leo tunakwenda Meksiko, katika jiji la Oaxaca, ambalo wenyeji wake hulitamka «Wahaka». Mwenzangu Zuhura alisoma mwaka mmoja huko Meksiko, na mwezi Julai alifuatana na wanafunzi wenzake kwenda kwenye tamasha la Guelaguetza. Dada Zuhura, tuanze na jina lenyewe.

ZUHURA: Asante, kaka Elia. Jina hilo limetoka katika Kizapoteki, lugha ya wenyeji wa asili wa Oaxaca, na lilikuwa na maana yake vijijini muda mrefu kabla halijawa jina la tamasha. Guelaguetza ni kile unachompelekea jirani anapokuwa na shughuli, iwe harusi au msiba, ukijua kwamba siku yako ikifika naye atakuletea. Rafiki yangu mwenyeji wa Oaxaca aliponieleza hivyo bwenini, nilimwambia kwamba mama yangu angemwelewa bila mkalimani.

ELIA: Hiyo ni michango hasa.

ZUHURA: Ni michango, ila tofauti yake niliiona kwa macho. Kabla ya tamasha rafiki huyo alitupeleka, mimi na mwenzetu kutoka Kolombia, kwenye harusi ya binamu yake katika kijiji kimoja cha Bonde la Tlacolula. Uani alikaa mzee mwenye daftari. Kila aliyefika na bata mzinga, ndege wake alipimwa kwenye mizani, na uzito ukaandikwa pamoja na jina la mleta; mahindi, kakao na mayai nayo yaliandikwa vivyo hivyo. Kwetu kamati ya harusi huandika ahadi na fedha, na shughuli ikiisha karatasi zile hazina kazi tena. Kule daftari hutunzwa kabatini, na mtoto anaweza kurudisha bata mzinga ambaye wazazi wake walimpokea miaka mingi iliyopita.

ELIA: Jambo la uani namna hiyo liligeukaje tamasha la maelfu ya watu?

ZUHURA: Watu wa jiji walikuwa na desturi ya kupanda mlima wa Fortín siku za Jumatatu za mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Bikira Maria wa Karmeli, ambayo ni tarehe 16. Mwaka 1932, jiji lilipotimiza miaka 400 tangu kupewa hadhi hiyo, wajumbe wa mikoa ya jimbo la Oaxaca walialikwa kuja na ngoma zao pamoja na mazao yao kama zawadi, na hapo ndipo tamasha tunalolijua lilipopata umbo. Ukumbi wa wazi uliojengwa ubavuni mwa mlima ulianza kutumika mwaka 1974. Hadi leo tamasha hufanyika Jumatatu mbili zinazofuata tarehe 16, isipokuwa ya kwanza ikiangukia tarehe 18, kwa kuwa siku hiyo ya mwaka 1872 alifariki Benito Juárez, rais wa Meksiko aliyezaliwa katika familia ya Kizapoteki huko Oaxaca. Ikitokea hivyo, sherehe husogezwa wiki moja mbele.

ELIA: Nanyi mliingiaje?

ZUHURA: Viti vya mbele huuzwa, na bei yake haikuwa ya wanafunzi. Sehemu za juu ni bure kwa anayewahi, kwa hiyo tulipanga foleni saa kumi alfajiri tukisubiri onyesho la saa nne asubuhi. Katika foleni ile nilikunywa tejate kwa mara ya kwanza, kinywaji baridi cha mahindi na kakao kinachokorogwa kwa mkono mpaka povu zito lielee juu, kisha hutiwa katika kibuyu. Ninakitamani hadi leo.

ELIA: Ngoma ipi imekaa moyoni mwako?

ZUHURA: Wengi watakutajia wasichana wa Tuxtepec wanaocheza kwa mstari mmoja, kila mmoja akiwa na nanasi begani. Nilidhani ni ngoma ya kale. Kumbe ilitungwa mwaka 1958 na mwalimu Paulina Solís. Lakini iliyonigusa mimi ni ngoma ya mashetani ya Costa Chica, pwani ya Pasifiki, tuliyoiona siku nyingine mtaani. Wachezaji huvaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, huinama, hukanyaga chini kwa kishindo, na mmoja hupiga taya la punda au farasi ambalo meno yake hulia kama kayamba. Wachezaji hao ni Wameksiko wenye asili ya Afrika, wazao wa watu walioletwa utumwani, na katiba ya nchi iliwatambua rasmi mwaka 2019 tu. Mzee mmoja aliyevua kinyago alinitazama, akanishika mkono, akakaa nao kitambo bila kusema neno. Nami nilikosa la kusema.

ELIA: Pole, dada. Nimewahi kusikia kwamba huko mlimani watazamaji hutupiwa vitu.

ZUHURA: Ndiyo, na hapo ndipo nilipoelewa jina. Kila kundi likimaliza kucheza huwarushia watu matunda, mikate, kofia na vikapu vya mkoa wake. Fikiria, kaka Elia: kwetu mtazamaji huinuka kwenda kumtuza mchezaji, na kule mchezaji ndiye anayemtuza mtazamaji. Mwenzetu wa Kolombia alidaka nanasi.

ELIA: Hata hivyo wapo wanaolalamika kwamba sherehe imekuwa ya watalii.

ZUHURA: Wapo, na wana haki. Mwaka 2006, wakati wa mgogoro mkubwa wa walimu na serikali ya jimbo, tamasha rasmi lilifutwa, na walimu wakaandaa Guelaguetza ya wananchi isiyo na kiingilio. Kitu ambacho maana yake ni kupeana kikiwekewa bei wasiyoimudu wenyeji wenyewe, huwa kimepoteza sehemu yake. Ndiyo maana nashukuru kwamba niliiona kwanza kijijini.

ELIA: Nawe kule harusini ulipeleka nini?

ZUHURA: Nilikuwa nimebakiwa na doti moja ya kanga, nikampa bibi harusi. Yule mzee aliuliza inavyoitwa, akaandika herufi kwa herufi, K-A-N-G-A, mbele ya jina langu, chini ya bata mzinga wa kilo saba. Kisha mama wa bibi harusi akanijia na kuniuliza harusi yangu itakuwa lini.