Kompyuta Haionekani, Ila Ipo

DADA: Leo mgonjwa ni mimi mwenyewe, Fundi. Picha zote za harusi ziko kwenye kompyuta ya sebuleni. Mimi niko chumbani na laptopu, nafungua Network, ile orodha ya vifaa vya mtandao wa nyumbani, naona printa ya chumbani tu.

FUNDI: Folda uliishea?

DADA: Niliishea! Na kinachoniudhi, nikikaa sebuleni na laptopu hiyohiyo, kompyuta inaonekana. Nikirudi chumbani, imepotea.

FUNDI: Hiyo orodha isikuhangaishe. Kompyuta hujitangaza, nyingine zinasikiliza. Tangazo lisipofika, jina halitokei, na kompyuta iko palepale. Mimi huanzia kwenye anwani, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao. Kwenye lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), ukiandika ipconfig, sebuleni inakupa nini?

DADA: Nimeandika kwenye karatasi. 192.168.1.10. Laptopu, nikiwa chumbani, 192.168.0.23.

FUNDI: Soma tena fungu la tatu.

DADA: Moja... hii sifuri. Ah!

FUNDI: Una ruta mbili wewe, vile visanduku vya kugawa intaneti.

DADA: Shemeji yako aliongeza ya pili, Wi-Fi ilikuwa haifiki chumbani.

FUNDI: Basi waya ameuchomeka kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje. Ruta ya pili imejenga mtandao wake, na tangazo la sebuleni halivuki kuingia humo. Ila kuna kioja: wewe wa ndani unaweza kutoka. Fungua folda yoyote, juu kabisa andika mikwaju miwili ya kinyume (\\), halafu 192.168.1.10.

DADA: Hiyo nilishaonyeshwa na mdogo wangu. Inaniomba neno la siri, naweka namba zangu nne, inanikataa.

FUNDI: Hapo nilikuwa nakusubiri! Ikikukataa maana yake umefika mlangoni. Zile namba nne ni PIN, zinafungua mashine uliyoikalia tu. Kwenye mtandao inataka neno la siri la akaunti yenyewe, na kama ni akaunti ya Microsoft, jina unaweka ile barua pepe.

DADA: Jamani, wiki nzima! Na ingekuwa haijibu kabisa?

FUNDI: Ningeangalia kama mtandao kwenye ile ya sebuleni umewekwa Public, yaani wa hadharani. Windows ikidhani uko uwanja wa ndege, inajifungia. Nyumbani weka Private, wa faragha. Na mtu akikwambia uwashe SMB1, ile lugha ya zamani ya kompyuta kushea mafaili, ili orodha irudi, mkatalie. WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia, kilipita humo humo Mei 2017, na mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuiondoa SMB1 kwenye Windows 10. Labda uwe na kisanduku cha zamani cha kuhifadhia mafaili kisichojua lugha nyingine, na hata hicho mimi ningekistaafisha.

DADA: Sasa huu waya. Nauona hapa, uko kwenye tundu la peke yake, lenye rangi tofauti na mengine.

FUNDI: Ndilo hilo. Uchomoe, ila usiuhamishe kwanza! Ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, ipe anwani 192.168.1.2 kama hakuna kifaa kinachoitumia, kisha zima DHCP, ile huduma ya kugawa anwani, ili namba zigawiwe na ruta moja tu. Ndipo uhamishie waya kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya ndani.

DADA: Subiri, nimeshauhamisha.

FUNDI: Uchomoe, dada yangu. Tuanze na anwani.