Venus Anashindwa: Rubens na Picha Yake ya Vita

Mabibi na mabwana, karibuni. Picha iliyo mbele yenu, Matokeo ya Vita ya mchoraji Rubens, naomba muanze kuitazama upande wa kushoto, palipo na mlango uliofunguka. Hilo ni hekalu la Janus, mungu wa Kirumi wa milango. Warumi walilifunga wakati wa amani. Sasa li wazi, na Mars, mungu wa vita, ameshatoka, ngao mkono mmoja, upanga wenye damu mkono wa pili.

Peter Paul Rubens aliichora picha hii kati ya mwaka 1637 na 1638 huko Antwerp, kwa ajili ya Ferdinando II de' Medici, mtawala wa Toscana, Italia. Leo iko katika jumba la Palazzo Pitti, Florence. Upana wake unapita mita tatu, kwa hiyo ukisimama mbele yake miili hiyo inakaribia kulingana na wako.

Tuna bahati kubwa, kwa sababu mchoraji mwenyewe alieleza alichokichora. Tarehe 12 Machi 1638 alimwandikia barua mchoraji mwenzake Justus Sustermans, aliyekuwa akiwatumikia Medici. Yule mwanamke wa nguo nyeusi, shela limechanika na mapambo yote ameporwa, ni Ulaya. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeanza mwaka 1618, na Rubens anasema Ulaya huyo amevumilia uporaji na mateso kwa miaka mingi. Kisha anaingiza jambo la ufundi: anahofia rangi ya ngozi na nyeupe zimegeuka njano kwa kufungiwa kwenye kasha, basi picha ianikwe juani mara kwa mara.

Sasa mtazameni Venus, mungu wa kike wa mapenzi na mpenzi wa Mars. Amemshika Mars mkono, anamvuta arudi. Rubens alikuwa amenakili kazi za Titian, mchoraji wa Venice wa karne iliyotangulia, na mvuto huu unakumbusha picha ya Titian ambamo Venus anamng'ang'ania kijana ampendaye, Adonis, asiende kuwinda. Upande wa pili Alecto, pepo wa ghadhabu mwenye mwenge, anamvuta Mars kulia, kwenye giza na moshi, wanakosubiri Tauni na Njaa. Mistari yote ya picha inakwenda huko, kwa mshazari. Wachoraji wa Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa zama zile, walipenda mwendo wa namna hii, miili inayopinda na mwanga unaopambana na giza. Wengine waliutumia kupendezesha tu. Hapa mwendo ndio hoja yenyewe: hujaambiwa nani atashinda, lakini jicho lako limeshaburutwa kulia pamoja na Mars.

Na Rubens aliyajua mambo haya kwa kuyafanya. Alikuwa mwanadiplomasia. Mwaka 1629 Mfalme Philip IV wa Hispania alimtuma London kutafuta suluhu na Uingereza, na mkataba ukapatikana mwaka 1630. Akamwachia Mfalme Charles I picha ambamo Minerva, mungu wa kike wa hekima, anamsukuma Mars nje, huku Amani akinyonyesha mtoto. Wekeni picha hizo mbili pamoja. Miaka minane hivi baadaye, mtu yuleyule anamchora Mars asiyezuilika tena. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote ya mfalme wa zama zile.

Nimesikia lawama kwamba miungu ya Kirumi inafunika mateso ya kweli. Wanaosema hivyo humtaja msanii Jacques Callot, ambaye mwaka 1633 alichapisha michoro midogo ya wanajeshi, uporaji na watu walionyongwa mtini. Ninaiheshimu sana kazi ya Callot. Lakini shusheni macho pembe ya chini kulia, mwendo wote wa picha unapoishia. Yuko mwanamke aliyeanguka na chombo chake cha muziki kilichovunjika, ndugu wa ile udi ya taarabu. Yuko mama aliyemkumbatia mwanawe. Yuko msanifu majengo aliyelala chali na vifaa vyake mkononi. Chini ya miguu ya Mars kuna kitabu. Hao si miungu. Rubens amewaweka ukingoni kabisa mwa turubai, karibu zaidi na sisi, na Mars bado hajasimama.