Mtazame Anavyotembea: Kumtambua Paka wa Sokoke

Wazee wangu, akina mama, vijana, nimelisema hili Watamu, nimelisema Malindi, na leo nalirudia: mabaka peke yake hayamfanyi paka kuwa khadzonzo, yaani paka wa Sokoke. Paka wa mabaka ya kahawia na meusi yuko kila soko la samaki pwani hii.

Mwaka jana mtu aliniita nimtazamie paka anayetaka kumnunua. Nafika, mnyama yumo ndani ya boksi, amejikunyata, mabaka mazuri kweli, na muuzaji anayasifu. Nikamwambia, mtoe. Akasema atakimbia. Funga mlango, kisha umtoe! Paka akavuka sebule mara moja tu, nami nikamwambia mnunuzi arudishe fedha zake mfukoni. Khadzonzo miguu yake ya nyuma imezidi ya mbele kwa urefu, kwa hiyo hutembea kama anayenyata kwa ncha za vidole. Yule alitembea kama paka yeyote wa jirani. Sasa boksini ungeyaonaje hayo?

Najua kuna atakayeniambia, "Lakini mwalimu, Wagiriama wenyewe walimwita kwa rangi, khadzonzo ni kama gome la mti." Naam. Basi lisogelee hilo gome. Pekua manyoya ya baka jeusi: hata ndani ya weusi utakuta vinywele vya rangi hafifu, kama chumvi iliyochanganyika na pilipili manga. Ukikuta weusi mtupu, tia shaka. Manyoya yenyewe ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, na ya ndani ni haba sana. Ni paka wa joto.

Wala si kimburu! Hili linaniudhi, maana wapo wanaompandisha bei kwa kusema ni mnyama wa mwituni. Wale watoto wa paka ambao Jeni Slater aliwakuta mwaka 1978 katika shamba lake la minazi karibu na Watamu walifugwa nyumbani, wakazaa. Mwaka 1984 Gloria Moldrup akawapeleka baadhi ya uzao huo Denmark, na mwaka 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji paka, likaitambua mbari hii kwa jina la Sokoke, jina la msitu wetu huu. Wenzetu wa kule wameandika sifa zake kuanzia sikio hadi mkia. Sisi tulio na msitu tunauziana kwa kuchungulia boksini.

Macho ni ya kaharabu au kijani hafifu, kichwa kidogo kwa mwili wake, umbo jembamba lenye misuli. Tabia nitaipitia upesi, naona naoneshwa saa: hupenda kukwea juu, huongea sana, na hushikamana mno na watu wake. Watoto msiwaachanishe na mama mapema, hukaa naye muda mrefu.

Yule kijana aliyekuja na kikapu, sogea mbele. Fungeni milango. Mfungulie, atembee.