Tembo wa Tabora: dhahabu ni swali moja, sarafu ni swali jingine

Kamwene! Asanteni. Nimepewa nusu saa, kwa hiyo sitaanzia enzi za Nuhu. Naingia moja kwa moja kwenye kitu ambacho najua wengi wenu ndicho kilichowaleta: rupia 15 ya Mjerumani, ile ya dhahabu yenye tembo.

Hapa Iringa kila mtu ana mjomba anayemfahamu mtu aliyeichimbua. Na tusiwacheke haraka, maana hadithi hizi zina pa kujishikiza. Sarafu hii ilipigwa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, wakati Vita ya Kwanza ya Dunia imefunga njia ya bahari na pesa kutoka Ujerumani haziingii. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaiteka Tabora, na kikosi cha Wajerumani chini ya Jenerali Wahle kikashuka huku kwetu. Kikapigana Malangali, kikapigana Lupembe, na sehemu yake ikajisalimisha Ilembula mwezi Novemba. Kwa hiyo mtu akiniambia babu yake aliwahi kuishika moja, namsikiliza.

Akiniambia kuna debe zima limefukiwa chini ya mparachichi, hapo ndipo ninapoaga. Zilipigwa 16,198 tu, na kila moja ina gramu 7.168. Kusanya zote zilizowahi kutoka Tabora, hupati hata kilo 120, na kwa jinsi dhahabu ilivyo nzito, zote kwa pamoja zisingejaza debe moja la mahindi. Sasa huyo dalali wa debe zima, tena mwenye wenzake watatu wilaya za jirani, anakupiga changa la macho mchana kweupe.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wakipata sarafu hukimbilia kwa sonara. Si vibaya, lakini angalieni anajibu swali gani. Sonara ataichanja kwenye jiwe lake, atadondosha tindikali, atakwambia: hii ni dhahabu, karati 18. Na atakuwa sahihi, kwa sababu tembo wa Tabora ana dhahabu asilimia 75, kilichobaki ni fedha na shaba. Ila hakukwambia kama ilipigwa mwaka 1916 au mwaka juzi. Wapo mafundi wanaopiga nakala kwa dhahabu halali kabisa, kwa sababu jina la sarafu linalipa kuliko uzito wake. Na ule mchanjo wa sonara umeshaitia kovu.

Mimi naanza na mizani na bilauri ya maji, havidhuru kitu. Iwe mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu wa Chunya. Hii niliyoshika ni nakala ya shaba ya njano, nilinunua nikijua. Tuiweke... gramu 3.94. Imekwisha, hatuhitaji hata lenzi. Kwa macho ina ukubwa uleule, lakini dhahabu ingekuwa na karibu mara mbili ya uzito huo.

Tapeli mwenye akili atainenepesha mpaka ifike gramu 7. Ndiyo kazi ya maji sasa. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaongezeka kidogo. Tembo halisi ataongeza gramu 0.46 au 0.47. Kipande cha shaba ya njano chenye uzito uleule ni kikubwa zaidi, kwa hiyo kitaongeza zaidi ya 0.8. Mnaona pengo hilo? Hata mkono ukitetemeka haliwezi kukupotea.

Imepita majini? Umejibu swali la dhahabu tu. Swali la sarafu linataka lenzi ya kukuza mara 10 na taa ya upande mmoja. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu ina vijipele na vitundu vya hewa kwenye uwanda mtupu nyuma ya maandishi, na herufi zake zina mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Herufi iliyopigwa kwa chapa husimama wima, ukingo wake mkali. Tazama upande wa tai, penye DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Pambo la pembeni huishia chini ya T ya OSTAFRIKA kwenye sarafu nyingine, na chini ya A ya kwanza kwenye nyingine. Zote mbili ni halali, zilitoka kwenye chapa tofauti. Likiishia pengine popote, mrudishie mwenyewe na ukaribishwe chai.

Daraja, yaani sarafu imehifadhika kiasi gani, ndilo linalozua ugomvi. Wakusanyaji hutumia kipimo cha William Sheldon, Mmarekani, cha mwaka 1949, kinachokwenda 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni sarafu isiyozunguka sokoni. Kwenye tembo huyu, hata hivyo, wengi huishusha bure, kwa sababu karakana ya reli si kiwanda cha Berlin. Mapigo mengine yalikuwa hafifu, kwa hiyo sikio la tembo au kifua cha tai hutoka bila nyuzi zake tangu siku ya kwanza. Mtu anaona palipo laini anasema imechakaa. Igeuzegeuze chini ya taa: palipopigwa hafifu bado pana mng'ao unaotembea kama mahali pengine, lakini palipolika kwa mikono ya watu pamefifia, mng'ao unafika hapo unakatika. Mimi hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, mengine yote ni dakika tano.

Na msisafishe, jamani. Limau, majivu, dawa ya meno, kitambaa cha sufi, vyote hivyo vinaacha mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, na mnunuzi mzoefu huiona kabla hujamaliza salamu. Udongo ukiwepo, maji safi, kisha iache ikauke yenyewe.

Mama pale mbele aliuliza kabla hatujaanza: ya bibi yake ilitiwa kikuku, yaani kipete cha kupitishia mkufu, ikavaliwa kidani. Mama, sarafu halisi hubaki halisi. Ila angalia ukingoni: patakuwa na alama ya lehemu, au tundu lililozibwa, au sehemu iliyopigwa tupa. Hiyo haipewi namba ya Sheldon, itaandikwa tu kuwa iliwahi kuwa kidani, na bei itashuka sana. Bado itazidi gramu zake 5.4 za dhahabu tupu, kwa hiyo asikupimie mtu kwa bei ya chakavu. Na hicho kikuku kama kingalipo, usikitoe. Fundi akikitoa vibaya atachukua na kipande cha ukingo.