Tundu la Kidole: Kipindi kutoka Mikindani

MWALIMU: Wasikilizaji, karibuni. Tupo barazani Mikindani, upepo ukiingia kwenye maiki mtuwie radhi. Fundi, habari za tangu juzi?

FUNDI: Njema, Mwalimu. Ila kitabu chetu kimechanika.

MWALIMU: Wapi tena?

FUNDI: Ukurasa wa pweza, kati ya tundu na tundu.

MWALIMU: Tuwaeleze. Tunatengeneza kitabu cha manila kwa watoto wa darasa la kwanza. Kuna mwamba wenye matundu manne. Mtoto anapitisha vidole kwa nyuma, akivichezesha vinakuwa minyiri ya pweza.

FUNDI: Niliyachora kwa kizibo cha soda, nikakata kwa wembe. Nimeyabananisha mno.

MWALIMU: Ndiyo maana nataka tumzungumzie Eric Carle, mchoraji wa vitabu vya watoto vyenye matundu. Alizaliwa Syracuse, New York, mwaka 1929, akakulia Ujerumani, akarudi Marekani 1952. Miaka mingi alikuwa msanii wa matangazo ya biashara, mpaka mwandishi mmoja akaona kambakochi mwekundu aliyemtengeneza kwenye tangazo, akamwomba picha za kitabu cha watoto. Mwaka 1967 huo, mtu ana miaka 38!

FUNDI: Na matundu?

MWALIMU: Siku moja alikuwa anatoboa rundo la karatasi kwa panchi. Akayatazama yale matundu, akamfikiria mdudu anayekula vitabu. Mhariri wake hakumpenda mdudu huyo, ndipo wakamgeuza kiwavi. Kitabu kikatoka 1969, kurasa zinapishana ukubwa, na kila tunda alilokula kiwavi lina tundu lake. Marekani hawakupata mchapaji wa kukifanya kwa bei ya kuwezekana. Kikachapwa Japani.

FUNDI: Kumbe hata kule matundu yaliwatoa jasho! Mwalimu, hilo limenigusa. Watu wanadhani kazi ni kuchora. Pweza nilimchora asubuhi moja. Matundu yamekula wiki nzima. Na kuna yule Lothar Meggendorfer wa Munich, karne ya 19, mtengenezaji wa vitabu vyenye picha zinazosogea. Unavuta ulimi mmoja wa karatasi, kichwa kinainama, mkono unanyanyuka, vyote kwa pamoja. Nyuma ya picha kuna vipande vya karatasi vimefichwa, vimeungwa kwa waya mwembamba wa shaba ili vizunguke. Natamani mvuvi wa kitabu chetu atupe wavu hivyo.

MWALIMU: Atautupa. Lakini kwanza pweza. Jana mtoto mmoja, bibi yake huenda kuchokoa pweza maji yakipwa, alikataa kutia vidole vyote. Akaniambia, "Mwalimu, pweza hatoi minyiri yote. Anatanguliza mmoja, anapapasa." Akapenyeza kidole kimoja, polepole, akakikunja pembezoni mwa tundu. Darasa zima kimya.

FUNDI: Kimoja tu?

MWALIMU: Kimoja.

FUNDI: Basi ukurasa wa kwanza tundu moja, katikati, karatasi nzima imelizunguka. Unaofuata mawili, yaachane. Hautachanika huo. Manila imebaki?

MWALIMU: Ipo ndani, juu ya kabati.