Kitochi Kwenye Ndoo ya Pumba

(Mhadhara kwa wanachama wa vikoba, Moshi, katika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia)

Shikamooni wazazi wangu. Vijana, mambo. Mimi ni fundi simu, sina shahada ya ustawi wa jamii, nina bisibisi. Nimeitwa tena kuongelea simu za zamani mnazotoa kwa ajili ya akina mama wanaopigwa majumbani. Walionisikia mwaka jana wanivumilie nikirudia yale yale, maana nanyi mmeleta yale yale.

Sanduku la mwezi uliopita nililifungua mwenyewe. Simu 31. Kati ya hizo, 19 hazina betri, na 4 betri imevimba kama andazi. Moja ilikuwa rimoti ya televisheni. Huyu aliyetoa rimoti, alitaka mama wa watu abadilishe chaneli mume akianza?

Zilizobaki, nyingi ni simu janja, na hapo ndipo nagombana na watu. “Fundi, nakupa simu ya kioo, wewe unataka kitochi?” Ndiyo, nataka kitochi, kisimu kile cha batani.

Kuna mama mmoja wa huku juu migombani, kata siitaji. Alipewa simu janja na mtu mwenye moyo mzuri kabisa. Akaificha chini ya godoro. Sasa simu ile inataka chaji kila siku, na soketi nyumbani kwake ni moja, iko sebuleni, nyuma ya kiti cha mzee. Atachajia wapi? Akaipeleka dukani kwa Mangi. Mangi hana ubaya, ila mdomo. Jioni mume kaja na kiu yake ya mbege, Mangi anamwambia, “Hongera, naona mmenunua simu kubwa.” Yaliyofuata siyasimulii. Yeye aliponisimulia alikuwa na bandeji.

Mara ya pili alipata kitochi. Nilikiunga mwenyewe kutoka maiti tatu. Nikazima mtetemo, nikazima mlio wa batani, na ile spika ya nje nikaichomoa kabisa ili kisiimbe kikiwashwa; ya sikioni nikaiacha. Akakifunga kwenye nailoni, akakizika ndani ya ndoo ya pumba za kuku. Nikamuuliza, kwa nini pumba? Akasema, “Kaka fundi, tuna miaka 11 kwenye ndoa, hajawahi kulisha kuku hata siku moja.”

Aisee! Nimefungua simu nyingi zilizofungwa, nywila kali kama ile sijakutana nayo.

Alikuwa anakiwasha akikihitaji tu, kwa hiyo chaji ilikaa wiki na zaidi. Ishara waliwekeana na dada yake wa Himo: bipu moja, bado yupo; bipu mbili, mtume boda. Dada akawa anapata bipu moja kila alfajiri, saa ya kulisha kuku. Karibu mwezi mzima, bipu moja, bipu moja. Siku zilipoingia mbili, boda alifika chini ya mgomba kabla hakujapambazuka, mama akaondoka na watoto wake wawili. Kuku walibaki na mume. Anayewalisha sasa simjui.

Naona mzee wangu pale nyuma ananyoosha shingo. Kila mwaka yupo mmoja: “Fundi, unawafundisha wake zetu kuficha simu, unavunja ndoa.” Mzee, shikamoo tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu hicho kina umri mkubwa kuliko mimi, na bado mnanishangaa mimi. Na baba anayepigwa aje pia, kitochi hakiulizi.

Mwenyekiti ananikumbusha kwamba wazo hili Wamarekani walishalifanya. Kweli, kampuni ya Verizon ilikuwa na mpango wa HopeLine wa kukusanya simu, zinatengenezwa, zinauzwa, fedha inasaidia waathirika. Lakini kule simu isiyo na laini ikipiga 911, namba yao ya dharura, kanuni zinautaka mtandao uipitishe. Mimi hapa simpi mtu simu tupu. Nampa simu yenye laini, na laini iwe kwa jina lake.

Akina mama, laini zenu kazisajili nani? Msinyooshe mikono. Ukifika nyumbani, hapana, kabla hujafika nyumbani, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotumia haimo, hela iliyo kwenye simu ina mwenyewe mwingine: mwenye jina akienda kusema laini imepotea, anapewa mpya, wewe unabaki na plastiki na hela ya mchezo imekwenda. Mume kaficha kitambulisho chako? Namba ya NIDA inatosha, na kidole unacho.

Nilitaka niseme habari ya simu feki zilizofungiwa Juni 2016, lakini naoneshwa saa. Haraka haraka basi. Anayeng'ang'ania kutoa simu janja, aondoe kwanza akaunti yake ya Google ndipo afute kila kitu. Akifuta tu, simu inaweza kumdai mama wa watu nywila asiyoijua. Toeni memori kadi. Nimeona mambo kwenye memori kadi zenu, ila mchungaji yupo, tuendelee. Polisi ni 112. Ya watoto ni 116, bure. Namba ya Dawati la Jinsia la polisi usiiandike “Dawati”, andika “Fundi Cherehani”.

La kulindwa baada ya kutoroka sitaligusa, dada wa Dawati atalieleza, yuko hapa.

Wiki mbili zijazo ndugu zenu wanaanza kupanda kutoka Dar na simu mpya. Vile vitochi vyao vya zamani viko kwenye kabati za bibi zenu, navijua, vingine nimevitengeneza mimi. Vileteni na chaja zake. Sanduku liko mlangoni. Betri iliyovimba usiitumbukize humo, nipe mkononi.